Moshi Ukishapita Paa

Filamu ya sumu haionwi peke yako. Hiyo ilikuwa sheria, na watu wa Ikungulwe, ambao sheria nyingine waliziruka kama madimbwi ya masika, hii waliitii kwa raha zao zote. Ilitungwa baada ya miaka ya miwani, enzi ambazo kila mtu alivaa sinema yake machoni, na akifika penye uchungu anaruka, anakwenda zake kwenye ngoma na vichekesho. Watu waliona mwanzo wa sumu zote za dunia wasione mwisho hata wa moja. Basi Tume ya Kemikali ikaamua kwamba filamu hizo zionyeshwe ukumbini, kwenye pazia la kitambaa, watu wakae bega kwa bega, na mbele yao asimame mtafsiri mwenye kipaza sauti, kama ilivyokuwa zamani kwenye vibanda vya video.

Na mtafsiri wa ukanda mzima wa machimbo alikuwa Milembe Lugata. Usinitajie mwingine. Mpe filamu ya lugha asiyoijua hata salamu, atakutafsiria mpaka kikohozi. Kabla mchezo haujakolea atakuwa ameshakuonyesha nani stelingi na nani adui, atamtukana adui kwa niaba yako, na stelingi akianguka atakuambia usilie, anainuka sasa hivi. Watu walitoka vijiji vya mbali wakiwa na viti vyao vichwani kuja kumsikiliza. Kwao Tume ilileta picha tu, filamu yenyewe ilitoka kinywani mwa Milembe.

Jumamosi moja adhuhuri, saa chache kabla ya onyesho, Milembe alikuwa amekaa juu ya kreti katika stoo ya nyuma ya ukumbi, akitazama majaribio pamoja na Rwegasira, fundi wa Tume aliyekuja na mashine. Mashine yenyewe watu waliiita Mnusi, na waliizungumzia kama mtu. Mnusi hana jicho, si kamera. Ana ulimi. Unampa unywele mmoja mrefu, kijiko cha udongo, kikombe cha maji ya mahali pale, anavionja kwa muda, kisha anachora.

"Anza tena," Milembe alisema.

"Ni mara ya tatu, dada."

"Rwegasira, anza tena."

Kijana akabonyeza. Juu ya ukuta wa stoo ukatokea unywele, mkubwa kama shina la mti, wenye mikanda myembamba kutoka chini hadi juu. Mtu anachokula na anachokivuta puani huacha chembe zake ndani ya unywele unapokua, kwa hiyo mwenye nywele ndefu hubeba kichwani historia ya mwili wake bila kujua. Mnusi huisoma kutoka ncha kurudi kwenye shina. Zebaki ndiyo humpa kazi nyepesi, maana ingawa machoni ni ile ile, mizani ya Mnusi huona ya nyumba hii si ya nyumba ile, na huweza kuifuata nyuma hadi jiko ilikotoka. Pale asipojua, huacha weupe. Habuni.

"Hapo," Milembe akasema. "Simamisha."

Kwenye ukuta palichorwa bomba la moshi, refu, la kawaida, lisilo na sura ya mahali popote. Moshi wa zebaki, ambao macho ya mtu hayauoni wala pua haiusikii, Mnusi aliupaka rangi ya zambarau. Ulitoka bombani, ukapita paa, ukapoa, ukashuka na umande juu ya bwawa. Topeni vijidudu vikaupokea na kuugeuza zebaki ya aina nyingine, ile inayong'ang'ania nyama. Ukaingia kwenye mwani, kisha kwenye wadudu, kisha kwenye perege, na kila ulipopanda ulikuwa mzito zaidi. Mwisho lilikuwapo bakuli, kijiko, na mwili wa mtoto uliochorwa kwa mistari tu, wenye zambarau kichwani.

"Bwawa la Mama Ng'walu," Milembe alisema polepole.

"Ndilo."

"Na bomba lake."

Rwegasira alifuta miwani yake kwa shati. Hakuwa mtu mbaya, na kazi yake aliipenda. "Dada Milembe, kuna kitu kingine nataka ukione. Tazama mikanda ya huu unywele. Kwa kawaida kichwa kimoja kina alama ya jiko moja, mawili. Huyu Mama Ng'walu ana alama za majiko yote ya Ikungulwe. Yote. Sijawahi kuona kichwa namna hii."

Milembe hakuhitaji kuelezwa. Zamani, kila nyumba ya Ikungulwe ilichoma dhahabu yake jikoni. Unachanganya unga wa mawe na zebaki, unapata donge, unaliweka juu ya mkaa, zebaki inaondoka na dhahabu inabaki, na mtoto amekaa hapo hapo anasubiri ugali. Kisha ikaja filamu ya kwanza ya sumu. Milembe alikuwa bado mtoto wa kusukwa mikia miwili siku ya sikukuu. Stelingi wa filamu ile, mwanamke wa machimbo ya mbali, alitoa moto ndani ya nyumba yenye watoto, akajenga jiko la peke yake lenye bomba refu. Moshi ukapita paa, filamu ikaisha, watu wakapiga makofi.

Alichofanya stelingi ndicho cha kufanya. Hiyo ndiyo akili ya watu waliokulia kwenye video, na ilikuwa akili ya Ikungulwe nzima. Kesho yake Mama Ng'walu, mjane asiye na mtoto, alisimama mwaloni walikosafishia mawe akasema, "Mimi nyumbani kwangu hakuna wa kudhurika. Leteni kwangu." Akajenga jiko pembeni ya makazi, bomba likawa refu kuliko la kwenye filamu. Wakaleta. Kwa ujira wake akachimba bwawa, akafuga perege, na kila siku ya shule watoto walikula samaki mchana. Hakuna aliyeuliza moshi ulikwenda wapi baada ya paa, kwa sababu filamu ilikuwa imekwisha.

Na Mama mwenyewe, mikono yake ikaanza kutetemeka, kisha ulimi ukawa mzito hata maneno yake yakawa yanatoka yamebanana, na watu wakazoea kumjibu "ndiyo, Mama" bila kuelewa. Milembe alimwelewa. Alikuwa amekulia hapo, na kila kazi ilipompitisha Ikungulwe alilala kwake, na sikio lake lilikuwa limezoea kuchambua sauti mbovu.

"Sheria inasemaje kuhusu mwenye unywele?" aliuliza.

"Anaweza kuukataa mpaka dakika ya kufungua pazia. Akisema hapana, nafuta."

"Halafu?"

"Halafu Tume inatafuta kichwa kingine. Mwakani, labda."

 Mwakani. Jumatatu watoto watakuwa foleni na mabakuli yao.

*

Alimkuta Mama Ng'walu bwawani, anawarushia perege pumba. Ndoo aliikumbatia kwa mkono mmoja na kifua, na mkono mwingine ulipochota pumba nusu ilimwagika njiani. Nywele zake za mvi, mikia miwili mirefu, zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alishajiandaa kwa onyesho. Filamu yake! Wiki nzima alikuwa akiwaambia wapita njia, nao wakimwitikia ndiyo, Mama, ndiyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unaniamkia kwa sauti ya kazini? Unataka nini?"

Milembe alikaa juu ya tuta. Alikuwa ameshatunga maneno njiani. "Mama, ile mashine ina hitilafu. Rwegasira anasema picha hazikutoka vizuri. Naona tuwaambie wasiionyeshe, watakuja kuchukua unywele mwingine…"

"Unatia chumvi."

"Hapana, Mama, kweli…"

"Basi umetia sukari. Nimekujua tangu unaimba msibani uonekane unalia kuliko wafiwa. Sema."

Milembe alijikaza, akashindwa, akasema. Alianza na bomba, akashuka na umande, akapita topeni. Alipofika kwa samaki alitaka kukimbia, lakini Mama alikuwa amegeuka anamtazama, basi akamalizia hadi bakuli, hadi kichwa cha mtoto. Hakutaja jina la mtoto yeyote. Haikuwa lazima. Sefroza, muuza maandazi wa pale, alikuwa na watoto mapacha, na mmoja umri wa kutembea ulishampita naye bado yuko mgongoni.

Mkono wa Mama ulibaki ndani ya ndoo. Perege walikuwa wamekusanyika juu ya maji, vinywa wazi, wakingoja. Akaigeuza ndoo, pumba yote ikamwagika nchi kavu.

"Nilidhani upepo unaubeba," alisema.

"Kila mtu alidhani hivyo, Mama."

"Kila mtu hakuwa na bwawa."

Milembe akamshika mkono ili usitetemeke, ukatetemeka na wake. "Kataa, Mama. Neno moja tu. Mimi nitazungumza na walimu kimya kimya, samaki wataachwa, nitasema wana ugonjwa. Hakuna atakayejua."

"Na majiko? Wakiona moshi wangu hauna neno, si watajenga mengine? Kila mtaa bomba lake." Mama alipumua kwa shida. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sina mtoto, sina ng'ombe, sina hata mume wa kugombana naye. Nina jina. Nikipita watu wanasema yule ndiye Mama Ng'walu. Unafikiri silitaki? Nalitaka mno."

"Basi baki nalo!"

"Nibaki nalo, wale wabaki na nini?"

 Alimpenda mwanamke huyu kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai, na pale kwenye tuta alimwonea fahari na kumkasirikia kwa pamoja.

"Nibebee kigoda changu," Mama akasema. "Nataka kukaa mbele. Na nitafsirie bila chumvi."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walipofunga mbao za madirisha jua la alasiri likabaki nje, na ndani palinuka jasho, karanga na mafuta ya nywele. Mama Ng'walu alikaa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Kila aliyeingia alimwinamia kidogo, na wengine waliwainamisha watoto wao vichwa kwa mkono. Sefroza alikaa nyuma yake, pacha mmoja mapajani, mwingine mgongoni.

Milembe alianza, na jamani, alianza! Alipotokea yule mwanamke wa mistari mwenye mikia miwili akasema, "Stelingi huyo! Mkariri sura, ingawa Tume imemficha sura. Huyu haogopi moto. Huyu moto unamwogopa!" Ukumbi ukalipuka. Alionyesha majiko ya zamani yenye watoto na zambarau, kisha yakizimwa moja baada ya jingine, vifua vya watoto vikisafika, na hapo akapaza sauti ile iliyowafanya watu wabebe viti vichwani kwa mwendo wa nusu siku. "Hamkuona? Amekusanya moto wote! Majiko yote amejitwisha yeye!" Wanawake walipiga vigelegele. Mbele pale Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Likatokea bomba. Zambarau ikapita paa, ikageuka, ikashuka.

Ukumbi ulinyamaza kwa namna ya watu wanaotazama kitu ambacho hawajawahi kukiona kikiendelea. Bwawa likaja, tope, perege, bakuli. Mchoro wa mtoto ulipotokea na zambarau kichwani, mtu mmoja akasonya kwa uchungu. Ndipo kikaja kilio ambacho kila mtafsiri anakijua.

"Adui nani?" Ilikuwa sauti ya Mabula, mwenye karasha kubwa la kusagia mawe. "Milembe, mtaje adui!"

"Mtaje! Mtaje!"

Bomba lile la kwenye pazia halikuwa na sura. Lingeweza kuwa la yeyote. Milembe alikitazama kitambaa cheupe kichwani mwa Mama, akafungua kinywa, na kinywa kikafanya kazi kiliyoizoea.

"Moshi huo," alisema, "ni wa ng'ambo ya mto. Ni wa hao wageni wa marudio."

Wageni wenyewe walikuwa familia chache zilizokuja kuosha upya vifusi vya mgodi wa zamani. Hawakuwa na mtu pale ukumbini. Viti vikaanguka. "Niliwaambia!" Mabula alikuwa ameshasimama. "Twendeni hivi hivi!" Wanaume wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, na mmoja akaling'oa gongo la kufungia mlango akabaki nalo mkononi. Rwegasira alichomoza kichwa kwenye kidirisha cha mashine, akamtazama Milembe kwa macho ya mtu asiyeamini alichosikia.

Milembe alikuwa amedanganya mara nyingi sana kwenye kazi yake, na hakuna aliyewahi kuumia. 

Fimbo ikagonga sakafu. Ikagonga tena na tena, mpaka walio mbele wakageuka na kuwashika mashati walio nyuma. Mama Ng'walu alikuwa amesimama. Akasema maneno, marefu, yamebanana, mate yakimtoka pembeni ya mdomo.

"Amesema nini?" watu wakauliza. "Milembe, Mama amesema nini?"

Pale ndipo ujuzi wake wote ulipomjia kumsaidia. Anasema mtulie. Anasema anaumwa, ana kizunguzungu, tumpeleke nyumbani. Tafsiri zote mbili zilikuwa tayari ulimini, nzuri, zinaaminika, na hakuna mtu mle ndani ambaye angejua. Mama alimtazama. Hakuwa anamwomba wala kumtisha. Alikuwa anangoja tu, kama alivyokuwa akingoja Milembe mdogo amalize uongo wake ili wale.

Maisha yake yote alikuwa ametafsiri lugha asizozijua, na pale asipojua akajaza. Hii aliijua neno kwa neno.

"Anasema kaeni," Milembe alisema. "Anasema ng'ambo hakuna adui. Anasema mimi, Milembe, nimewadanganya."

Mama akasema tena.

"Anasema bomba lile ni lake. Bwawa lile ni lake." Sauti yake, sauti maarufu, ilikuwa inapasuka, akaiacha ipasuke. "Anasema alidhani moshi ukishapita paa umekwisha. Haukwisha. Uliingia majini. Samaki aliowapa watoto wenu ndio hao mliowaona."

Mama akasema neno fupi, akijigonga kifua.

Milembe alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anasema, adui ni mimi. Ni yeye anayesema. Mama Ng'walu anasema adui ni yeye."

 Yule mwenye gongo aliliangalia kama hajui limefikaje mkononi mwake.

Sefroza ndiye aliyesema kwanza, bila kusimama. "Muulize kama alijua."

Mama akajibu.

"Anasema hakujua. Amejua leo mchana, na alipojua akamwaga pumba."

"Muulize huyu wangu," Sefroza alimsogeza mtoto mgongoni, "muulize kama atatembea."

Mama alimgeukia mtoto. Akasema polepole, na Milembe akamfuata polepole. "Anasema hajui. Anasema hata mashine hapo huacha weupe. Anasema angekuwa anajua angekuambia, hata kama ni baya."

Sefroza alilia, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa amezuia kwa miaka. Mtu mmoja nyuma akatema mate chini. "Miaka yote hii tunamwinamia!" Mwingine akasema heri angewaacha na majiko yao. Mama alisikia yote hayo amesimama. Alipopata nafasi akasema mengine, ya kazi sasa: msile perege hata mmoja, msichome kwangu wala kwenu, Tume ina vyungu vilivyofungwa vyenye bomba la kurudisha zebaki ndani ya ndoo ya maji isitoke, vidaini, msiondoke hapa bila kuvidai. Milembe alitafsiri kila kitu, na hakuongeza hata nukta.

Kisha akakilaza kipaza sauti juu ya kreti.

"Hayo yalikuwa yake," alisema kwa sauti yake tupu, na walio nyuma wakanyamaza ili wasikie. "Haya ni yangu. Rwegasira, turudishie unywele."

Unywele ukajaa kwenye pazia, na mikanda yake.

"Mashine hii haibuni. Mmeiona. Basi iangalieni. Kila mkanda hapo ni jiko la mmoja wenu. Mabula, zebaki yako imo humo. Sefroza, ya mama yako imo. Ya nyumba yetu imo, maana na sisi tulipeleka. Moshi ambao ungeingia vifuani mwenu mkiwa watoto uko kichwani kwa huyu mama, wote, na mikononi, na ulimini, ndiyo maana hamwelewi anaposema." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nimewatafsiria mastelingi wa kila aina. Wanaruka magari, wanashika risasi kwa meno. Sijaona aliyesimama kwenye moto wa mji mzima ili mtoto wa mwenzake asikohoe. Alikosea. Alikosea vibaya, na watoto wameumia, na hilo sitalifunika tena. Lakini leo alikuwa na ruhusa ya kunyamaza kisheria, nami nilimpigia magoti anyamaze, akakataa. Nyinyi mnataka stelingi wa namna gani?"

 Mama Ng'walu, ambaye alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili ili imsimamishe, alinung'unika kitu.

"Amesema nini?" akauliza Mabula. Alikuwa ameshakaa.

Milembe alipangusa pua kwa kiganja. "Amesema nimetia chumvi."

Kicheko kilitoka kidogo, upande mmoja, kikasita, kisha kikapita ukumbini mote kikiwa kimechanganyika na kilio. Walikuwepo wasiocheka. Mtu aliyetema mate alitoka nje na hakurudi. Mwenye gongo alilirudisha mlangoni, akakaa kando yake.

Sefroza hakucheka. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akamfunga vizuri mtoto mgongoni, yule wa mapajani akampa jirani, akasimama. Alipita kati ya viti mpaka mbele, akasimama karibu na Mama Ng'walu, asimtazame na asimguse. Akageukia watu.

"Lile bwawa halifiki Jumatatu na samaki ndani yake," alisema. "Tunawatoa leo, tunawafukia. Nani ana wavu?"

Watu walitazamana. Ikungulwe ilikuwa ya wachimbaji, nani angekuwa na wavu?

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa unatetemeka.